Fundi Ambaye Hajafika

Mimi ni mpima ardhi. Diploma yangu iko ukutani, imepauka upande wa dirishani, na kazi yangu ni kuwaonyesha watu mpaka wao uko wapi. Wenzangu kazini wakisikia nilikozaliwa huwa hawaishi kucheka, maana nimezaliwa mpakani, na mpaka wenyewe haupo.

Ulikuwepo, usifikiri. Zamani sana mstari ulipita katika bonde lililo mbele yetu, na juu ya kilima ikajengwa ngome: kuta nne nene, mnara mmoja, na lango linalotazama bondeni. Wakaletwa askari. Wakaambiwa kaeni hapa, mwangalie anayekuja kutoka ng'ambo, wenzenu watakuja kuwapokea zamu. Wakakaa. Huko mbali wakubwa nao wakakaa, ila wao mezani, wakanywa chai yao, wakausogeza mpaka ukaenda zake mbele, safari ya siku nyingi. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia askari. Mpaka ukahama, sisi tukabaki, kama mtu aliyeombwa kituoni ashike mzigo mara moja tu, na mwenye mzigo hajarudi hadi leo.

Basi wakawa wanalinda. Kwa kweli walilinda ukungu, maana kila alfajiri unapanda kutoka bondeni taratibu, kama maziwa yanayotaka kuchemka, unafika nusu ya ukuta, unatulia. Ukisimama mnarani saa hizo huoni ardhi. Unaona kuta tu, zinaelea. Mtu wa lindo akikaa humo sana huanza kusikia vitu: hatua, mluzi, mtu anayekohoa kwa adabu ili asikushtue. Asubuhi moja ya namna hiyo mlinzi akaona kitu kinasogea kweli. Akaita, "Kuna mtu anakuja." Chini wakakamata bunduki. Mkuu wao akauliza, "Nani?" Kisha mlinzi akajibu kwa sauti ya mtu asiyeamini macho yake, "Mwanamke. Amebeba mayai."

Wanasema mkuu alifikiri hadi ukungu ukaisha. Alikuwa amefundishwa majibu mengi, la mayai hakufundishwa. Mwishowe akasema, "Afike."

Huyo mwenye mayai ndiye bibi yake bibi yetu. Ndiye adui pekee aliyewahi kutuvamia, na alishinda.

Tangu hapo ikawa ndivyo. Kwetu mtu hafiki kwa miguu, anafika kwa kutajwa. Anapanda kutoka bondeni, aliye mnarani anamtaja, chini wanasema afike, basi, ni wa hapa yeye na wajukuu zake. Sisi tuliozaliwa ndani hatutajwi, tulikutwa tupo. Na lango la mbele hatulitumii kutokea. Tukienda kazini au hospitali tunapita nyuma, pale ukuta ulipoanguka enzi za babu, na ndiko lori la unga linakoingilia. Maharusi wetu wanaotoka mbali wanashushwa na basi huko nyuma, halafu wanazunguka peke yao nje ya ukuta kwa miguu na viatu vyao vya harusi, hadi bondeni, ili wapande kutoka upande wa adui. Wananung'unika njia nzima. Wakifika juu wanatajwa, wanalia, na viatu vinatupwa.

Nyumba zetu zimeegemea ukuta kwa ndani, mgongo kwa jiwe. Shule iko kwenye zizi la farasi. Kinyozi yuko ghala la risasi, na mkono wake unatetemeka vilevile kama wa askari mpya. Matundu ya bunduki tunaweka miswaki, na mengine ndege wametaga. Kaka yangu mkubwa, mwoka mikate, yuko stoo ya baruti. Chumba ambacho zamani mtu akikutwa na kiberiti alikuwa anachapwa, ndimo kaka anamowasha moto kila siku, na harufu ya mkate inapita kwenye ukungu inakuingia usingizini, unaota unakula.

Pembeni yake, chumba cha mahabusu, anakaa fundi cherehani. Ndicho chumba pekee chenye komeo kwa nje. Fundi alikuja wakati mimi bado nasoma, amekaa juu ya magunia ya lori la unga, cherehani mapajani. Alikuja kushona sare za shule, akae mwezi. Siku hiyo mlinzi alikuwa anatazama mbele kama alivyofundishwa, akateremka akasema, "Hakuna," kama kawaida. Wote tukakubali kwamba hakuja mtu, na jioni tukaenda kupimwa suruali.

Mwezi ukawa miaka. Sasa nywele zake zina mvi na hakuna mwili hapa ambao hajaupima. Lakini hakuwahi kutajwa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia, kama vile hakuna aliyekumbuka kuwaambia wale askari. Tukawa tunamwita mgeni wetu. Kwetu mgeni anaheshimiwa mno. Cherehani ni yake, hilo halina ubishi, ila vitu vya ngome, yaani kisima, masufuria ya shughuli, tanuri, lango, mgeni hagusi. Kukiwa na shughuli anapewa kiti chenye mto na kikombe kisicho na ufa, anawekwa sebuleni na wazee wanaosinzia, huku wanawake wenzake wako uani wanaosha vyombo na kusengenya na kucheka hadi wanashikana mabega. Nimemwona mara nyingi ameinamisha kichwa upande wa uani, anasikiliza. Akinyanyuka tu, watu watatu wanamrudisha. "Kaa, mgeni wetu, usisumbuke."

Kaka alifiwa na mke zamani. Ni mtu wa maneno machache, mengi yamebaki kwenye unga. Kati ya tanuri lake na chumba cha fundi kuna ukuta wenye tundu la bunduki, na sijui ilianza lini, nilikuja kugundua tu kwamba kila asubuhi kuna mkate mdogo kwenye lile tundu, na kila asubuhi unachukuliwa kutoka upande wa pili. Wakati mwingine badala ya mkate kunabaki kifungo cha shati kilichokuwa kimepotea. Hayo ndiyo mapenzi yao. Hakuna aliyesema neno. Mwaka huu kaka akasema neno, tena kwa Shangazi.

Shangazi yetu ndiye mwenye ufunguo wa mnara. Ndiye anayesimama chini kuuliza "Nani?" na ndiye anayesema "Afike." Ni mfupi, sauti yake ni ndefu. Kaka alinichukua nimsindikize. Alikuwa ameoga, lakini unga ulikuwa bado umo kwenye nyusi.

"Nataka kuoa, Shangazi."

"Afadhali. Nani?"

"Fundi."

"Fundi yupi?"

"Shangazi, tuna fundi mmoja," nikasema.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Mwanangu, yule dada mimi nampenda. Kikombe changu kizuri nani hunywea? Si yeye? Ila nitakuozeshaje mtu ambaye hajafika?"

"Yuko pale," kaka akasema, na akaonyesha. Kutoka tulipokaa tulikuwa tunasikia cherehani.

"Kuwepo yupo. Kufika hajafika."

"Hata tukipima," nikasema, "ni hatua chache tu kutoka..."

"Wewe nyamaza. Hapa hapapimwi kitu." Halafu akalainika, akamshika kaka mkono. "Si jambo kubwa, mwanangu. Ashuke bondeni asubuhi moja, apande kama wenzake walivyopanda. Atajwe, mimi nitamjibu kwa roho safi, jioni tunapika. Nani amekataa?"

Kaka akaona ni jambo jepesi. Mimi pia, nisikudanganye. Akanituma mimi, mdomo wangu una mazoezi.

Fundi alikuwa anakata uzi kwa meno. Pini zilikuwa kwenye ukosi wake, zimepangwa kama medali.

"Umetumwa," akasema.

"Nimetumwa."

"Mwenyewe mdomo unamuuma?"

"Hauumi. Haujazoea tu."

Akacheka kidogo. Nikamweleza: kaka anataka kumuoa, Shangazi ameridhika, kilichobaki ni ile safari ndogo ya bondeni. Niliposema posa, sindano ilisimama. Niliposema bonde, ikaendelea.

"Mpima," akasema, "suruali yako ndefu ya kwanza nani alikushonea?"

"Wewe."

"Ulisema mguu mmoja mrefu."

"Mguu wangu ndio ulikuwa mrefu, fundi. Suruali ilikuwa sawa."

"Na marehemu mke wa kaka yako, nguo aliyolazwa nayo kaburini nani alimshonea?"

Nikaangalia pini zake.

"Sasa nishuke bondeni. Nipande napepesa macho kama sijui njia. Mtu aulize, nani huyo? Nikikubali kufika kesho, nimesema kwa mdomo wangu kwamba siku zote hizi sikuwepo. Ile nguo basi alishona nani? Upepo?"

"Ni taratibu tu, fundi."

"Kwenu ni taratibu. Kwangu ni maisha yangu." Hakupandisha sauti. Akalaza kitambaa mezani, akakipapasa kama mtu anayemlaza mtoto. "Lori la unga linakuja Alhamisi. Likitoka natoka nalo, na cherehani yangu. Mwambie kaka yako moyo wangu hauna neno naye. Mwambie nimechoka kiti."

Nilimfikishia kaka kama nilivyopewa. Alikuwa anakanda. Alisikiliza, akaendelea kukanda ule unga kupita kiasi, hadi ukawa kama mpira. Siku ile tulikula mikate migumu, na hakuna aliyeuliza, maana habari zilikuwa zimezunguka kuta zote nne kabla sijafika nyumbani. Watu wakaanza kumpelekea fundi nguo zisizo na tatizo lolote. Kinyozi alimpelekea koti lile lile mara mbili. Walikuwa wanaaga bila kujua kuaga.

Alhamisi alfajiri zamu ya lindo ilikuwa ya nyumba yetu, na kaka ndiye alikuwa juu. Mimi nilikuwa chini ya mnara na Shangazi, tunangoja ateremke atuambie hakuna. Ukungu wa siku hiyo sijawahi kuuona tena. Ulivuka ukuta. Uliingia mitaani, ukajaza vibaraza, mtu akipita unaona mabega na kichwa, kama anaogelea. Watu walikuwa wametoka mapema wasimkose fundi, wamesimama milangoni na vikombe mikononi, na sauti zao zilikuwa za chini kama za watu wanaozungumza ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Fundi akatokea amebeba kifurushi chake cha nguo, anaelekea nyuma kungoja lori. Kaka akamwita kutoka juu.

"Fundi. Nishikie zamu kidogo, nina haja."

Hilo ni ombi la kawaida. Kila mtu wa lindo ameshawahi kubanwa, na kila mtu ameshawahi kushikiwa. Ila hakuna aliyewahi kumwomba mgeni. Fundi alisimama. Nadhani alizoea sana kusaidia watu hata kabla ya kuamua, kwa sababu aliweka kifurushi chini akapanda ngazi. Kaka akateremka na aproni yake ya kazi, akatupita mimi na Shangazi bila kutuangalia. Tulitegemea ageuke kulia, kwenye vyoo. Alikwenda moja kwa moja hadi lango la mbele, akatoa kipingo, akatoka.

Jamani, hilo lango lilikuwa halijatokewa na mtu tangu lijengwe. Lilifunguka vizuri tu.

"Huyo anakwenda wapi?" Shangazi akauliza.

"Nje," nikasema.

Ukungu ukamla miguu, ukamla kiuno, ukamla. Tukabaki tunasikiliza hatua zake zinavyoteremka. Kisha zikanyamaza. Kisha zikaanza kupanda.

Juu, fundi alikuwa ameelewa. Tuliona mikono yake imeshika jiwe.

Shangazi naye akaelewa, na akakasirika, maana alielewa yote kwa mpigo. Kaka alikuwa nje, upande wa adui, kama mtu yeyote. Asipotajwa hajafika. Na ambaye hajafika hagusi tanuri. "Mgeni ateremke huko juu," akasema. Akanigeukia. "Wewe ni nyumba moja naye. Panda umtaje kaka yako."

"Goti, Shangazi," nikasema.

"Goti limefanya nini?"

"Linaniuma tangu jana."

Akamwangalia kinyozi. Kinyozi akashika mgongo. Mwalimu alikuwa na kizunguzungu. Sijawahi kuona watu wanaugua haraka namna ile, tena kila mmoja na ugonjwa wake. Shangazi akatutazama mmoja mmoja, akafunga kitenge vizuri. "Nitamrudisha mwenyewe kwa sikio," akasema, na akatoka langoni na kandambili zake.

Alipiga hatua chache tu. Halafu akageuka kutuambia kitu, nafikiri tusi, na hakulisema. Alisimama pale mdomo wazi anatazama juu. Sisi tumezaliwa ndani ya ngome, tumeijua kwa mgongo, kama unavyojijua kisogo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona uso. Mimi nimepima nusu ya nchi, na hiyo sura sikuwahi kusimama mbele yake.

"Ni ndogo," Shangazi akasema. Sauti yake yenyewe ilikuwa ndogo. "Mbona ni ndogo hivi? Mtu akija kutoka huku anaona... anaona kama nyumba ya mtu."

Alitaka kurudi ndani, akanyanyua mguu, akaurudisha pale pale. Miaka yote hiyo yeye ndiye amesema afike. Aliangalia juu ya mnara, kwa mwanamke mwenye pini kwenye ukosi, na nilimwona Shangazi yangu anaogopa. Haikuwa hasira. Aliogopa kama mtu aliyegonga mlango usiku ugenini na kusikia ndani wananong'ona.

Fundi angeweza kunyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza kidogo, kwa raha zangu. Yeye alimtazama, akavuta pumzi.

"Kuna mtu anakuja," akaita.

Wote tukanigeukia mimi, yaani wao wakanigeukia na mimi nikajitafuta. Mwenye kuuliza alikuwa nje. Nikakohoa.

"Nani?"

"Mama mmoja. Mfupi. Gauni lake nilipunguza kiunoni mwaka juzi, sasa linataka kuachiwa. Ana baridi."

"Afike," nikasema.

Shangazi aliingia. Alipita chini ya lango ameshika ukuta kwa kiganja, polepole, akakaa kwenye jiwe la pembeni. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hayafuti. "Kumbe," akasema, "unatajwa, halafu unasubiri. Pale katikati hapo mtu unaweza kufa." Akatazama juu ya mnara. "Na mimi nimemweka hapo katikati miaka yote."

Baada ya hapo sikumbuki nani alitoka wa kwanza. Nakumbuka kinyozi, mgongo umepona. Mwalimu, kisha mama mmoja mwenye watoto wengi na watoto wake wote, wazee wa sebuleni wakishikana mikono. Walitoka mmoja mmoja langoni wakaingia kwenye ukungu, wakageuka kuitazama ngome, kila mmoja kwa muda wake. Mimi pia nilitoka. Ni kweli, ni ndogo. Kuta zinaelea, moshi wa tanuri umesimama wima, mwanamke yuko juu. Nilitamani sana kufika pale.

Akatutaja wote. Alitutaja kwa alivyotujua: mwenye bega moja chini, mwenye shingo inayobana kola, yule anayekua hadi nimechoka kushusha pindo. Kwangu alisema, "Mwanamume. Mguu mmoja mrefu." Chini, Shangazi, amekaa palepale kwenye jiwe, akawa anajibu afike, afike, afike, na kila akisema sauti ilikuwa inapungua ukali.

Honi ikalia nyuma. Kisha tukamwona dereva wa lori la unga anakuja kutoka mitaani, anatazama huku na huko, maana alikuta milango yote wazi na nyumba zote hazina watu. "Nimeambiwa nina abiria," akasema. "Mama mwenye cherehani."

"Abiria gani?" Shangazi akamuuliza. "Fundi yuko kazini. Huoni yuko lindo?"

Dereva akatazama juu, akakuna kichwa. "Basi nani anapokea unga?"

"Mwenye unga bado hajafika. Subiri kama wengine."

Na kweli kaka alikuwa hajafika. Alikuwa amesimama chini kidogo, ukungu kifuani, na aproni, mikono imening'inia. Aliwaacha watu wote wampite. Tulimwona fundi amemwona. Akaegemea ukuta wa mnara kwa viwiko, akamtazama, na akaendelea kumtazama, na hakuna aliyemharakisha. Jua lilikuwa linaanza kupasua ukungu bondeni. Tanuri lilikuwa linazima, unga ulikuwa unaumuka peke yake ndani, na dereva akakaa chini akaegemea lango.

"Kuna mtu anakuja," fundi akasema mwishowe. Hakuita. Alisema tu, kama mtu anayeongea na aliye karibu.

"Nani?" Shangazi akauliza.

"Mwoka mikate," akasema. "Amechelewa."